Toleo la Mia Mbili na Arobaini

Mama Jarida alilisoma toleo jipya akiwa amekalia sanduku lake la safari, ndani ya ofisi ya mizigo ya kituo cha mabasi, na alipofika ukurasa wa saba alihisi uso wake unawaka moto.

Alikuwa anarudi kutoka kumuuguza dada yake mkubwa. Wiki mbili kamili alikuwa mbali na nyumbani, na wiki mbili hizo toleo la mia mbili thelathini na tisa lilikuwa limepangwa, limechapwa na kusambazwa bila yeye. Karani wa mizigo, mtu wa maneno mengi, ndiye aliyempa nakala.

"Karibu tena, Mama Jarida! Safari hii mumeo kaleta vifurushi mwenyewe. Nimemsalimia mara tatu, hakuitika hata moja. Siku hizi ukubwa umemwingia, eh?"

"Alikuwa na mawazo," Mama Jarida alijibu. Jibu hilo alikwisha kulitoa mara nyingi, kwa watu wengi, mpaka likawa linatoka lenyewe.

Jarida lenyewe liliitwa *Mwangwi*. Lilikuwa jarida la muziki la kanda nzima, kurasa kumi na sita, likitoka kila mwezi, na kwenye kona ya juu ya jalada paliandikwa neno moja kwa wino mwekundu: BURE. Watu walizoea kutania kwamba vya bure ghali, lakini katika miji saba hapakuwa na kinyozi, fundi cherehani wala duka la dawa ambalo halikuwa na nakala mbili tatu juu ya kaunta. Bendi iliyosifiwa na *Mwangwi* ilipata mialiko. Iliyokosolewa ilirudi mazoezini. Watu walimwamini Mhariri, mumewe Mama Jarida, kama wanavyoamini mizani ya sokoni.

Ukurasa wa saba ulikuwa safu ya uhakiki. Safari hii alihakikiwa mwimbaji mpya, dada mmoja aliyekuwa msusi wa nywele, kwa wimbo wake wa kwanza kurekodi. Mama Jarida alisoma: "Sauti yake ni nyembamba, tena inalemewa na ngoma zinazopigwa kwa papara. Arudi mazoezini mwaka mmoja zaidi ndipo atubishie hodi." Chini yake, kama ilivyokuwa kwa miaka ishirini kasoro mwezi mmoja, palisomeka: Mhariri.

Alilifunga jarida, akabaki anaitazama mizani ya mizigo. Jambo moja tu lilikuwa likizunguka kichwani. Nani alimsikilizia?

Kwa maana Mhariri alikuwa hasikii. Ilianza taratibu, sikio la kulia kwanza, kama deni la miaka yote aliyosimama na tarumbeta lake mbele ya wapiga ngoma na pembeni ya spika zilizomzidi kimo. Kisha la kushoto likafuata. Sauti nzito za karibu alizipata bado, na midomo ya watu alijifunza kuisoma, lakini muziki ulikuwa umemtoka. Kwa miezi kumi na minne, tangu toleo la mia mbili ishirini na tano, mkewe ndiye aliyekuwa akisikiliza. Mwanzo alimsimulia, yeye akaandika. Baadaye, kwa kuwa maneno ya masimulizi yalikuwa mazuri kuliko yaliyoandikwa, mke akawa anaandika na mume anaweka jina. Hawakuwahi kukaa wakakubaliana. Ilitokea tu, kama njia inavyotokea pale watu wanapokatiza uwanja.

*

Nyumbani alimkuta mama mkwe wake barazani, akikunja kamba za kufungia vifurushi. Bibi huyo alikuwa na miaka themanini na miwili na macho hafifu, lakini masikio yake yalikuwa mazima.

"Hatua zako nimezisikia tangu kwenye kona, mkamwana. Pole na safari. Dada yako?"

"Hajambo, mama. Anaweza kukaa mwenyewe sasa."

"Alhamdulillahi. Ingia basi umwone mumeo. Umguse bega kwanza, usije ukamwua kwa mshtuko."

Mhariri alikuwa ameinamia meza, amezungukwa na matoleo ya zamani yaliyogeuka rangi. Mwezi ujao *Mwangwi* lingetimiza miaka ishirini, na toleo la mia mbili na arobaini lilikuwa libebe historia ya jarida tangu mwanzo. Alikuwa ameiandika tangu kabla mkewe hajasafiri. Alipoguswa bega aligeuka, uso ukamchanua.

"Umerudi! Mbona hukunipigia nije kukupokea?"

Swali hilo Mama Jarida aliliacha lipite. Alisimama mbele yake, mahali pa mwanga, akaweka jarida juu ya meza likiwa wazi ukurasa wa saba.

"Nani alikusikilizia?"

Mhariri aliutazama ukurasa, kisha dirisha. "Kiwandani wachapaji walikuwa wananisubiri. Ukurasa ulikuwa mtupu."

"Nimekuuliza nani."

"Nimefanya kazi hii miaka ishirini, mke wangu. Mwimbaji wa kwanza hurekodi, sauti haijakomaa, fundi wa studio anajaza ngoma ili kuificha. Wote ni hivyo hivyo. Huhitaji hata..." Hakuimaliza sentensi.

Flashi ya msusi ilikuwa bado kwenye kikombe cha kalamu. Mama Jarida aliichomeka kwenye redio, akakaa. Wimbo ulikuwa wa dakika nne na kitu. Palikuwa na gitaa moja lililopigwa kwa vidole, tena kwa uvivu mtamu, na sauti ya mwanamke, nzito kidogo, ikitembea kando ya gitaa kama mtu anayemsindikiza mgeni bila haraka. Kwa hesabu yake, katika ubeti wa tatu sauti ilinyamaza kabisa, gitaa likaendelea peke yake, kisha wakakutana tena. Barazani, bibi alikuwa ameacha kukunja kamba.

Wimbo ulipokwisha, alimgeukia mumewe, akatamka neno mojamoja.

"Hakuna ngoma. Hata moja."

*

Msusi alikuja Jumamosi asubuhi, mikono bado inanuka mafuta ya nywele. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, amevaa gauni la kutokea, na jarida amelikunja mara nne kama risiti. Aliwasalimu wote kwa adabu, bibi akamwitikia kwa kumshika mikono yote miwili. Akapewa kiti. Chai alikataa, maji akakubali.

"Sikuja kugombana, baba," alianza, akimtazama Mhariri usoni. "Nimekuja kuuliza. Umeandika ngoma zinanilemea. Wimbo wangu hauna ngoma. Tulikuwa wawili tu, mimi na mpiga gitaa. Sasa najiuliza, labda flashi imebadilishwa?"

Mhariri alimwelewa vizuri, maana alikuwa amemkazia macho. Angeweza kuliokota hilo la flashi, likamwokoa. Badala yake alijinyoosha kitini.

"Mhakiki ana haki ya maoni yake, binti yangu. Ukubwa wa msanii ni kukubali kukosolewa."

"Maoni sawa, baba. Ukisema sauti yangu mbaya, nitakwenda kulia kwangu nikanyamaze. Lakini ngoma ni kitu. Ama ipo, ama haipo."

Kisha msusi aliinama, akawa anaukunjua ukurasa mapajani, na maneno yake yaliyofuata aliyasema akiwa amelitazama jarida. "Nilikuwa nimepewa Ijumaa pale hotelini. Ijumaa zote, jioni, watu wakila. Meneja kasoma hapa, kanipigia simu. Kasema nisije."

Kwa kawaida mgeni akiinamisha kichwa, Mama Jarida alikuwa na ujanja wake. Alilirudia neno la mgeni kama anayeshangaa, "Ati meneja kakwambia usiende?", huku akimgeukia mumewe, na mumewe akalipata. Walifanya hivyo kwa ustadi, mbele ya wanamuziki, wenye matangazo, hata mbele ya mkuu wa shule mmoja aliyekaa nao saa nzima bila kugundua. Siku hiyo kinywa chake kilikataa.

Mhariri alimtazama mkewe, akasubiri. Aliposubiri bila kupata kitu, alitikisa kichwa kwa upole kuelekea kwa msusi.

"Vizuri sana," alisema. "Nashukuru kusikia hivyo. Endelea na moyo huo huo."

Msusi aliinua kichwa. Alidhani anakejeliwa, na machozi yalikuwa tayari. Lakini uso aliouona mbele yake haukuwa wa mtu anayekejeli. Ulikuwa uso wa mtu anayetabasamu huku akitafuta kitu chini ya kitanda kwa mkono. Akamgeukia Mama Jarida, polepole.

"Mama. Hasikii?"

Saa ya ukutani ilikuwa imesimama siku nyingi, kwa hiyo hata hiyo haikusikika. Mama Jarida alimtazama mumewe, kisha msusi.

"Hasikii," alisema.

Neno hilo Mhariri hakuhitaji kulisikia. Aliliona likitoka kwenye midomo ya mkewe, midomo aliyoijua kuliko yote duniani. Aliinuka, akaweka kiti chake sawa na meza, akaingia chumbani na kufunga mlango taratibu, kama mtu aliyemwacha mgonjwa amelala.

"Nisamehe, mama," msusi alisema. "Sikujua."

"Wewe ndiye wa kuombwa msamaha."

"Na hayo ya miezi ya nyuma? Ile ya kwaya ya wauguzi, niliikata nikaibandika saluni kwangu. Aliisikiaje?"

Mama Jarida aliichukua bilauri tupu, akaipeleka jikoni.

*

Alasiri hiyo, akipanga karatasi zilizotapakaa mezani, Mama Jarida aliisoma historia ya *Mwangwi*.

Ilikuwa nzuri. Hilo hakuweza kulikana. Mumewe alikuwa ameanza na ile ajali ya miaka ishirini iliyopita, gari la bendi yao lilipopinduka na tarumbeta lake likabondeka. Magazeti makubwa yalikuwa yamekuja siku ile kuandika juu ya gari. Bendi hiyo hiyo ilikuwa imepiga muziki katika kanda kwa miaka tisa na hakuna gazeti lililowahi kuandika mstari mmoja juu ya nyimbo zake. "Niliona," aliandika, "kwamba kwetu mwanamuziki lazima aumie ndipo ajulikane." Akaelezea toleo la kwanza, karatasi moja iliyokunjwa katikati, nakala mia tatu, wino ukishika vidole. Akaeleza siku mafuriko yalipokata barabara na vifurushi vikavushwa kwa trekta. Akataja wapiga picha, madereva wa mabasi, mwenye duka la ala za muziki aliyenunua ukurasa wa nyuma tangu mwaka wa pili bila kukosa mwezi.

Alisoma kurasa kumi na moja akijitafuta. Karatasi ile ya kwanza aliichapa yeye, kwa taipureta ya ofisini alikokuwa mpiga chapa, saa ya mapumziko, huku rafiki yake akichungulia mlangoni bosi asije. Trekta alilipanda yeye. Kurasa zote, matoleo yote, alizipanga yeye. Alijiona mwishoni kabisa, katika mstari wa shukrani, baada ya madereva: "Na mke wangu, kwa uvumilivu wake."

Alilisoma neno hilo mara ya pili. Halafu akaingia chumbani bila kugonga, maana kugonga kulikuwa hakuna faida, akakaa kitandani mbele ya mumewe.

"Uvumilivu," alisema.

Mhariri aliona karatasi mkononi mwake. "Ningeweka nini? Ningesema mke wangu ndiye masikio yangu? Jarida lingekufa kesho yake."

"Usingesema la masikio. Ungesema la taipureta. Lile lilikuwa na siri gani?"



"Nilipoanza kukusikilizia sikutaka jina," aliendelea, kwa sauti ya kawaida kabisa, akihakikisha tu uso wake uko kwenye mwanga. "Niliona unazama, nikakushika. Lakini wewe umeshikwa mpaka ukasahau kuna mkono. Nilipoondoka wiki mbili ulidhani unaogelea. Na huyo dada wa watu ndiye aliyekunywa maji."

"Umenivua nguo mbele ya mgeni."

"Nimesema kweli mbele ya mgeni. Na kuanzia leo masikio yangu nayachukua. Sisikilizi tena kwa jina la mtu."

Aliposema hivyo alitarajia kujisikia mwepesi. Haikuwa hivyo. Alitoka nje akakaa na mama mkwe wake, wakakunja kamba pamoja.

"Baba yake naye," bibi alisema, "alipoanza kupoteza masikio alisema watu wote mjini wamejifunza kunong'ona. Akawachukia. Alikufa anaamini anasengenywa." Akaivuta kamba ikakaza. "Mimi nilimficha ukweli. Nilidhani namheshimu."

*

Jumatatu Mama Jarida alikwenda hotelini. Hakumuaga mtu. Mapokezi waliambiwa jina lake wakasema meneja ana kikao, akae. Alikaa kando ya maua ya plastiki saa moja na robo. Meneja alipita mbele yake mara mbili, mara ya pili akicheka na simu, na safari zote mbili Mama Jarida aliinuka nusu kisha akakaa tena. Hatimaye aliitwa.

"Mama Jarida! Kumbe ni wewe, ningejua! Ukumbi wetu mtauandika lini?"

Alieleza shida yake kwa ufupi. Uhakiki ule ulikuwa na kosa, wimbo hauna ngoma, mwimbaji ni mzuri. Angeomba Ijumaa zake arudishiwe.

Meneja alikuna kidevu. "Mama, nikwambie ukweli. Mimi muziki siujui. Nikiambiwa huu mzuri nasema mzuri. Masikio yangu yalikuwa ya mumeo. Sasa ukiniambia hili kakosea, na ile bendi niliyoichukua mwaka jana kwa sababu aliisifu, je? Hiyo nayo vipi?"

"Hiyo haina kosa."

"Unajuaje?"

"Niliandika mimi," alisema Mama Jarida.

Ilikuwa mara yake ya kwanza kulisema kwa mtu wa nje. Meneja alimtazama, kisha akacheka, tena kwa wema kabisa, akamgusa mkono.

"Wake wa kizamani mna mapenzi! Usimbebee mumeo mzigo wote, mama. Kila mtu hukosea. Isitoshe nafasi yenyewe nimeshampa mtu wa kinanda. Mwambie mzee namsalimu."

Kurudi nyumbani alitembea kwa miguu. Mumewe alikuwa sebuleni, hawajasemezana tangu Jumamosi zaidi ya chakula tayari na maji yamekwisha. Alisimama mbele yake hata kabla hajavua viatu.

"Nimemwambia meneja wa hoteli kwamba mimi ndiye niliyeandika. Unajua alifanyaje?"

Mhariri aliikazia macho midomo yake.

"Alicheka."

Alikwenda kubadili nguo, na alipopita tena mlangoni akamwona mumewe bado amekaa vilevile, mkono juu ya goti, anapatazama pale aliposimama yeye.

*

Alhamisi ilikuwa siku ya kupeleka kurasa kiwandani. Saa nne asubuhi Mhariri alimfuata mkewe kwenye kompyuta, akaweka karatasi mbili mpya juu ya kibodi. Mwandiko wake wa mkono, bila kufutafuta.

"Hizi zinakaa mwisho wa historia. Ule mstari wa shukrani utoe."

Mama Jarida alisoma. Ya kwanza ilirudi nyuma, ikaanza na taipureta, rafiki mlangoni, trekta, kila kitu. Ya pili ilikuwa fupi.

"Tangu toleo la mia mbili ishirini na tano mimi sisikii muziki. Hadi toleo la mia mbili thelathini na nane, masikio yalikuwa ya mke wangu, na maneno pia yalikuwa yake. Mimi niliweka jina tu. Mlioipenda safu hiyo mlimpenda yeye. Toleo la mia mbili thelathini na tisa, ukurasa wa saba, halikuwa na masikio ya mtu yeyote. Niliandika juu ya wimbo nisiousikia, nikamwondolea mwimbaji riziki yake. Wimbo ule hauna ngoma. Namwomba radhi yeye kwanza, kisha ninyi."

Aliisoma mpaka mwisho, akaanza tena juu. "Mwenye duka la ala ataondoka," alisema.

"Najua."

"Ukurasa wa nyuma ndio unaolipa karatasi."

"Tutapunguza kurasa. Tulianza na karatasi moja iliyokunjwa." Alivuta kiti akakaa karibu yake. "Mke wangu, nilikuwa naogopa wakijua sisikii watasema sina kazi. Siku zote hizi sikuona kwamba kazi ilikuwa inafanyika. Ila si na mimi."

Mama Jarida alianza kuichapa ile karatasi. Alipofika kwenye neno "yake" alilazimika kusimama kidogo, akapangusa macho kwa mgongo wa mkono, akaendelea. Mumewe alijifanya anatafuta miwani.

"Na jarida?" Mama Jarida aliuliza baada ya kumaliza. "Nani mhariri?"

"Mimi bado najua koma inakaa wapi," Mhariri alisema. "Nipangie kazi."

*

Toleo la mia mbili na arobaini lilitoka, na dunia haikuanguka, ingawa iliinama upande mmoja. Mwenye duka la ala za muziki alikuja mwenyewe, akaongea kwa heshima na kwa sauti ya juu mno, kama wafanyavyo watu wakishajua. Alisema miaka yote hiyo alikuwa analipia masikio ya mtu fulani, na sasa hajui analipia ya nani. Aliondoka na tangazo lake. Vinyozi wawili walikataa vifurushi. Mwenye shule ya udereva alibaki, akisema wanafunzi wake hawajui kuimba hata kidogo, wanachotaka ni picha. Kwaya ya wauguzi iliandika barua ndefu, ikianza "Kwa Mama aliyetusikia". *Mwangwi* lilishuka kutoka kurasa kumi na sita hadi nane.

Karani wa mizigo alilipokea fungu lake kimya, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Halafu akasema, "Kumbe hakuwa na ubwana." Na kisha, kwa aibu, "Nimemsema vibaya kote huku."

Nakala ya msusi Mama Jarida aliipeleka kwa mkono. Saluni ilikuwa chumba kimoja kilichobanwa kati ya duka la vitabu na fundi saa. Mteja alikuwa kitini, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama kama kichaka. Msusi alifuta mikono, akasoma akiwa wima. Alisoma polepole, midomo ikicheza. Mteja naye alikuwa akinyoosha shingo kusoma kwenye kioo, maandishi yakiwa kinyume.

"Amesema kweli," msusi alisema hatimaye. "Sikutegemea." Alilikunja jarida, safari hii mara moja tu. "Lakini Ijumaa zangu hazirudi."

"Hazirudi. Nilikwenda hotelini. Pana mtu wa kinanda."

"Namjua. Anapiga vibaya."

Walitazamana, na bila kupanga wakacheka, hata mteja akacheka ingawa hakujua kinanda gani.

"Sitaki mniandike tena," msusi alisema, akirudi kwenye nywele. "Wala si kwa ubaya, mama. Nikisifiwa sasa watasema ni fidia. Nitasuka, na Jumapili mchana naimba pale ukumbi wa mafundi seremala, watu arobaini, hamsini. Wakipenda watakuja tena wenyewe."

"Tusikuandike, sawa. Kuja je, naruhusiwa?"

Msusi alitenga fungu la nywele kwa ncha ya kitana, akalishika hivyo, akifikiri.

"Kuja ni bure," alisema.

*

Walikwenda wote wawili Jumapili, maana Mhariri alisema hataki kubaki nyumbani kama mzigo. Ukumbi ulinuka vumbi la mbao. Walikaa safu ya pili. Mtu wa mlangoni alipomsemesha, Mhariri alimwambia, "Niangalie usoni ndugu yangu, sisikii," na yule mtu akamwangalia usoni, akarudia, na hapakuwa na zaidi ya hapo.

Msusi aliimba nyimbo sita. Mama Jarida hakuwa na kalamu wala karatasi, na mwanzoni mikono yake haikujua ikae wapi. Kufika wimbo wa pili aliisahau. Kwa miezi kumi na minne alikuwa amesikiliza kama mtu anayeteka maji ya kupeleka kwingine, akichunga yasimwagike njiani. Siku hiyo alikunywa. Mumewe aliwatazama watu. Aliona mguu wa mzee mmoja ukipiga sakafu, akaona mwanamke wa safu ya mbele akiegemeza kichwa kwenye bega la mwenzake, akaona, wakati fulani, ukumbi mzima ukiacha kupumua kisha ukapumua.

Baadaye walipita njia ya nyuma, isiyo na magari. Walipofika penye ukuta mfupi Mhariri alimshika mkewe mkono, akamfanya akae, naye akakaa mbele yake juu ya jiwe ili amwone vizuri.

"Pale katikati," alisema, "watu wote walinyamaza. Paliimbwa nini?"

"Wewe, tumekubaliana haandikwi."

"Si ya kuandika." Alikuwa amemtazama midomo, anasubiri, kama kijana aliyekuja kuposa. "Nataka kujua tu."

Mama Jarida alifikiri aanzie wapi. Kisha akasogea mbele kidogo, akamwambia.